Mzimu Uliosingiziwa

Kumkutanisha shujaa aliyezoeleka na kitisho cha kuja na kupita ni kazi ambayo watu huiona nyepesi mpaka waijaribu. Shujaa ana wasomaji wake, ana tabia zinazojulikana, na hata mtoto anajua kwamba toleo lijalo atakuwepo. Kitisho ni mgeni. Kimepewa kurasa chache za kuishi, na uhai wake wote umo katika kutojulikana. Shujaa akishinda upesi, kitisho kinageuka kinyago cha kuchezea. Kitisho kikitamba sana, shujaa anaaibika na wasomaji wake wananuna. Wengi wamejaribu na wachache wameweza. Mmoja wa hao wachache alizaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, mwaka 1918.

Kabla ya kumfikia, tupite Marekani kidogo, kwa sababu huko waliifanya kazi hii kuwa biashara ya kila mwezi. Kampuni ya katuni ya Marvel ilianzisha jarida la Marvel Team-Up mwaka 1972, ambamo mara nyingi mwenyeji alikuwa Spider-Man, na mwaka 1974 likafuata Marvel Two-in-One, mwenyeji akiwa Thing, lile pande la mtu lenye ngozi ya mawe kutoka kundi la Fantastic Four. Vitisho vya kualika havikukosekana. Kanuni zilizokuwa zimewabana wachapishaji wa katuni tangu 1954 zililegezwa mwaka 1971, na mara wanyonya damu, watu-mbwamwitu na maiti zilizofungwa sanda wakajaa kwenye rafu. Wengi wao hawakudumu.

Miongoni mwa waliokufa wachanga alikuwemo Golem, sanamu ya udongo kutoka hekaya za Wayahudi wa Prague, aliyepewa nafasi katika jarida la Strange Tales mwaka 1974. Profesa mzee, Abraham Adamson, anaifukua sanamu jangwani, anauawa, na uhai wake unaingia ndani ya udongo. Ni mwanzo mzuri, wenye huzuni ndani yake. Ziliandikwa hadithi tatu tu, jarida likapewa shujaa mwengine. Septemba 1975 Golem akaletwa kwenye toleo la 11 la Marvel Two-in-One akutane na Thing. Aliyewaza kumweka mtu wa mawe mbele ya mtu wa udongo alikuwa na jicho. Lakini jarida lilikuwa na kanuni yake: wageni wawili kwanza wapigane kwa kutofahamiana, kisha wagundue kwamba adui ni wa tatu, washirikiane, waagane. Kanuni hiyo huila hofu mapema. Ngumi ikishatua kwenye kitisho, msomaji ameshajua kwamba kinapigika, na kitu kinachopigika hakimnyimi mtu usingizi.

Unguja tatizo hili lilitatuliwa zamani, kabla ya kuwepo katuni. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha 1870 cha hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa, aliiandika ile ya Sultani Majnuni na nunda mla watu. Wengi wetu tumeisikia kwa bibi zetu kwa namna moja au nyengine, na kwa sababu tumeisikia utotoni hatujakaa tukaitazama ilivyojengwa. Inafaa kutazamwa.

Kitisho kinaanza kuwa paka. Paka wa sultani amekamata ndama, watu wanakwenda kushitaki, na sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi mashitaka ya nini. Paka anapanda ngazi: mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia, kisha mtu. Kila mara jibu la sultani ni lile lile. Msimulizi anaongeza mnyama mmoja tu kila safari na kumwacha msikilizaji ahesabu mwenyewe. Siku mnyama anapowala watoto wa sultani ndipo baba anapokiri kwamba huyu si paka tena. Tangu hapo kitisho kinatoweka machoni. Kipo mahali, kimeshiba, na hatukioni.

Ndipo anapotoka shujaa, yule mtoto wa mwisho asiyehesabiwa, mkaaji jikoni. Anaingia porini, anaua mnyama, anamburura hadi nyumbani huku akimwimbia mama yake kumuuliza kama huyu ndiye nunda. Mnyama wa kwanza ni mbwa. Hapa kila baraza hucheka, na kicheko hicho kimewekwa makusudi. Mama anamwimbia kwamba siye. Kijana anarudi porini. Safari kwa safari mawindo yanakua: analeta twiga, siye, analeta kifaru, siye, analeta ndovu, siye. Fikiria ujasiri wa mtunzi huyo asiyejulikana jina. Amemfanya mtoto wa jikoni aue ndovu, na tendo hilo akalihesabu kuwa ni kushindwa. Katika jarida la Marvel ndovu angekuwa kilele. Hapa ni kosa jengine la kutambua, na wakati huohuo kitisho, ambacho hakijafanya lolote tangu kuondoka mjini, kimekua kupita ndovu bila kuonyeshwa hata ukucha.

Na linapofika jambo lenyewe, ukubwa hautajwi tena. Kijana anasimama mbele ya mnyama aliyelala na kukumbuka alivyoambiwa na mama yake: masikio madogo, mwili wa upana kuliko urefu, mabaka yake vile na vile. Analinganisha alama moja baada ya moja. Zinakubaliana. Kuua kunafuata, na kunasimuliwa haraka, kama kwamba kazi kubwa imeshakwisha. Kwa hakika imeshakwisha. Nguvu ya shujaa wa Unguja imo katika kutambua, na usanii wa msimulizi umo katika kumchelewesha asitambue.

Sasa tumrudie mtu wa Makunduchi. Muhammed Said Abdulla alipomaliza skuli mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya, akawa bwana afya kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1948 akaingia kwenye uandishi wa habari kama mhariri wa gazeti la Zanzibari, akasaidia kuhariri mengine, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 aliliongoza Mkulima, jarida la kilimo. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya utunzi ya 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatoka kitabu mwaka 1960. Shujaa wake, Bwana Msa, amebeba herufi za mwanzo za majina ya mtunzi. Tusidanganyane, anamdai pia Sherlock Holmes: ana kiko, ana rafiki wa kushangaa pembeni, na ana polisi wa kumtangulia katika makosa. Lakini deni hilo hulipwa kila ukurasa, kwa sababu Holmes hakupata kuulizwa habari za mzimu wa Unguja.

Mzimu, kwa watu wa kusini ya kisiwa, una mahali pake pa kukaa. Ni pango la mawe ya matumbawe au kichaka katika ardhi ya maweni, una watunzaji wake, unapelekewa ubani na chakula, una miiko ya kuingilia na kutokea. Aliyekulia Makunduchi anayajua haya kama anavyojua njia ya kisimani. Kwa hiyo Abdulla alipotaka kitisho hakubuni. Alichukua kitu ambacho wasomaji wake walikuwa na adabu nacho tayari, kitu ambacho hata anayesema haamini hakipitii karibu baada ya magharibi bila ya kujikohoza. Kisha akaiweka maiti ya mwenye shamba hapo hapo mzimuni.

Hicho kitendo kimoja kinafanya kazi tatu kwa pamoja. Kinatupa mauaji, ambayo ndiyo chakula cha mpelelezi. Kinatupa mshitakiwa, ambaye ni mzimu wenyewe, na mshitakiwa huyo hahojiki, hafungiki wala hakimbii. Na kinampa muuaji wa kweli pa kujificha, kwa sababu ukoo na wafanyakazi na majirani wote wana jawabu tayari kabla swali halijaulizwa. Kuna waandishi wanaohitaji sura tano kuyapanga hayo.

Bwana Msa haamini kwamba mzimu huua watu, na halifichi hilo. Kinachonifurahisha kila nikirudi kukisoma kitabu ni kwamba kutokuamini kwake hakumpunguzii subira ya kusikiliza. Watu wa shamba wanaachiwa waseme. Hofu yao inapewa lugha yake, na ni Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, chenye mafumbo, masuto na mizunguko ya watu ambao hawamwambii mgeni wa mjini neno la moja kwa moja. Mtunzi mwenye haraka angeuvunja mzimu kwa kicheko mapema, ajionee fahari ya kisomo chake, halafu abaki na kitabu kisicho na giza. Abdulla alifahamu kwamba mpelelezi wake atang'ara kwa kadiri giza litakavyokuwa zito, na kwamba giza hilo ni mali ya watu wa pale, si yake kulichezea.

Tazama pia alivyowagawia watu kazi. Najum, rafiki, anastaajabu kwa niaba yetu. Inspekta Seif anakwenda mbio kwa niaba yetu, anakamata upesi tunayetaka akamatwe. Bwana Msa anabaki na kazi ya kungoja. Katika katuni za ushirikiano shujaa hulazimika kufanya yote peke yake: aogope kidogo ili kitisho kiheshimike, apigane ili wasomaji waridhike, afahamu ili hadithi iishe, na yote ndani ya kurasa chache za rangi. Ndiyo maana anayumba. Kwa Abdulla hofu ina mwenyewe, papara ina mwenyewe, na akili ina mwenyewe, kwa hiyo hofu inaweza kukua bila ya kumtia aibu mwenye akili. Huu ni ufundi wa muundo, na sijaona wahakiki wakiusifia vya kutosha. Wengi hushughulika na kuhesabu alichokopa kwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes.

Mwishoni hubainika kwamba mkono uliotenda ni wa mwanadamu. Wasomi wamelisema hilo kama ushindi wa akili dhidi ya ushirikina, na kitabu kinaweza kusomwa hivyo. Mimi naona jambo jengine, na nadhani ndilo linalomtenga Abdulla na wenziwe wa ng'ambo. Ukiitazama ile kanuni ya Marvel, wageni wawili kutofahamiana kisha kugundua adui wa tatu, utaona kwamba ndiyo iliyomo humu, isipokuwa hakuna ngumi hata moja. Mzimu ulikuwa umesingiziwa. Mtu alifanya uovu wake akaubandika kwa wakaao pangoni, akijua kwamba hawana kinywa cha kujitetea. Bwana Msa, asiyeamini, anaishia kuwa wakili wao. Anaondoka na muuaji na kuuacha mzimu mahali pake, ukiwa umesafishwa jina, na anayetaka kuupelekea ubani kesho hana cha kumzuia. Shujaa ameshinda na kitisho hakikupungua. Lile lililowashinda wengi, la kuwatoa wawili hao chumbani wote wazima, limefanyika kwa kubadilisha tu anayeshitakiwa.

Miaka minane baadaye, 1968, alijaribu kitu kikubwa zaidi. Kisima cha Giningi, kilichochapishwa na Evans Brothers wa London, kinagusa Giningi, mji wa wachawi unaotajwa visiwani kwa sauti ya chini, mji ambao jicho la mchana halioni. Kumwalika mzimu mmoja ni jambo moja. Kualika mji mzima wa wachawi ni jengine, maana mji unaweza kummeza shujaa, rafiki yake na polisi wao bila ya kutapika kiatu. Abdulla aliupatia dawa kwenye jalada: akauingiza mji wote ndani ya kisima. Wa kuogopwa ni wengi, ila mlango ni mmoja, na mlango wenyewe ni kitu cha kila siku chenye kamba na ndoo, ambacho watu hukitazama bila kukiona.

Sidhani kama ni ajabu kwamba wazo hilo lilimjia mtu aliyewahi kuwa bwana afya. Kazi ile ni ya kuingia nyua za watu, kufunua mifuniko, kuinama juu ya visima na mashimo na kutafuta kilichomo majini ambacho mwenye nyumba anaapa hakimo. Bwana afya anapokelewa kwa tabasamu na anajua kwamba anafichwa. Anajifunza kutazama pembe za ua kabla ya kutazama uso wa mwenyeji. Hakuna skuli ya uandishi ambayo ingempa Abdulla mafunzo bora kuliko miaka hiyo kumi, na Bwana Msa akiingia nyumba ya mtu huwa anaingia kwa mwendo huo.

Baada ya hapo aliacha vitisho. Duniani Kuna Watu ya 1973, Siri ya Sifuri ya 1974, Mwana wa Yungi Hulewa ya 1976 na Kosa la Bwana Msa ya 1984 vimeegemea watu na fitina zao, na njama zake zimesokotwa kwa ustadi kuliko za mwanzo. Kuna pahala msomaji hulazimika kurudi nyuma kuuliza nani ni mtoto wa nani. Navipenda vitabu hivyo, lakini kwa mimi vile viwili vya mwanzo vina uzito ambao ustadi wa baadaye haukuufidia. Giningi yenyewe ilimpata mpangaji mwengine: Said Ahmed Mohamed, naye mwana wa Unguja, aliifungua tena mwaka 1990 katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi, akamkalisha humo Bi Kirembwe na utawala wake. Humo hakuna mpelelezi wa kubaini mkosaji, kwa kuwa kitisho kimeshakuwa serikali na kila mtu anamjua.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Miaka minne tu baadaye, katika Ramadhani ya 1995, kikaja kitisho ambacho angeweza kukiagizia kiti: popobawa. Kilianza Pemba, kikavuka Unguja, kikapita mashamba na Ng'ambo hadi Mji Mkongwe, kisha kikafika bara. Kilisemwa kuwa huwavamia watu usiku vitandani na kuwadhalilisha, wanaume kwa wanawake. Watu walihama vyumba vyao wakawa wanalala nje makundi makundi, moto ukiwaka. Mgonjwa wa akili asiye na hatia aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu kurejeshwa kwa vyama vingi, uliofanyika Oktoba, na kila upande wa siasa ulikuwa na maelezo yake ya nani kakituma. Halafu kikaondoka kama kilivyokuja, kikarudi tena kwa mshituko mdogo mwaka 2007. Kwa vipimo vyote ni mhusika mgeni wa toleo moja: umbo la kuchoreka, mbawa na kivuli, sheria zake mwenyewe, na maisha mafupi.

Kumwandikia hadithi huyu kungedai ufundi uliogeuzwa ndani nje. Moja ya sheria za popobawa ni kwamba aliyevamiwa lazima asimulie, akinyamaza kinamrudia. Mpelelezi wa kawaida huishi kwa kukwanyua maneno kwa mashahidi wanaoficha. Hapa mtaa mzima ungekuwa unazungumza, mchana na usiku, kwenye mabaraza ya Malindi na penye mioto ya Mwembeladu, kila mtu na usiku wake, na ushahidi ungekuwa mwingi hata usifae kitu. Inspekta Seif angejaza daftari tatu kabla ya daku. Najum angelala nje na wenziwe, akisema amefuata upepo. Na Bwana Msa, kiko mkononi, angepita katikati ya hao wote wanaosimulia, akimtafuta mmoja katika mtaa ule ambaye hajasimulia kitu.